Keki ya mwaka wa kwanza: siagi, krimu au fondanti kwa joto la Dar es Salaam?

Picha ya keki unayotumiwa WhatsApp imepigwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, dakika chache baada ya kupambwa. Keki yako italiwa saa kumi na moja jioni, uani, chini ya turubai, mwezi wa Januari, joto likiwa nyuzi 31 au 32 na unyevu wa bahari umejaa hewani. Saa tatu au nne zilizo kati ya picha ile na mdomo wa mtoto ndizo tunazozipima hapa, kwa keki za oda za aina tatu zinazonunuliwa sana mjini.

Tuanze na kilo, maana ndizo zinazotozwa. Kipande cha mtoto ni gramu 60 hadi 80, kwa hiyo kilo moja hutoa vipande kumi na viwili hadi kumi na sita. Shughuli ya watu thelathini inatoshwa na kilo mbili na nusu. Kabla ya kutuma kianzio, uliza kama kilo hizo zimepimwa pamoja na bodi, na kama ni za keki tupu au keki na mapambo. Kwa fondanti, yaani donge laini la sukari linalosukumwa kama chapati na kufunika keki, swali hili ni la lazima: ni nzito, na sehemu kubwa ya uzito unaolipia inaweza kuwa sukari ambayo watoto wataibandua na kuiacha kwenye sahani.

Keki ya siagi ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza, kwa sharti moja. Siagi halisi huanza kulegea mapema, na ikifika nyuzi 32 hadi 35 inayeyuka kabisa. Keki iliyopakwa siagi tupu ikikaa uani itaanza kuteleza: kwanza maua ya pembeni yanalala, kisha maandishi yanashuka. Muoka keki anayeijua Dar huchanganya. Kipimo kinachosimama vizuri ni gramu 125 za siagi, gramu 125 za mafuta meupe ya kuganda, gramu 500 za sukari ya aisingi na vijiko viwili vya maziwa. Kasoro yake ni utando kidogo wa mafuta unaobaki kwenye kaakaa. Wanaotumia majarini peke yake hupata aisingi inayovumilia joto, lakini ina chumvi na ni ya njano, na rangi ikiingia juu ya njano inageuka. Bluu ya mtoto wa kiume inakuwa kijani, waridi inakuwa kama papai. Ukiletewa keki yenye rangi usiyoiagiza, mara nyingi hapo ndipo pa kuangalia. Kama unataka bluu safi, sema mapema kwamba aisingi ipigwe mpaka iwe nyeupe, dakika kumi hivi kwa mashine, kabla rangi haijatiwa.

Krimu ni nyepesi, haina utamu mkali, na watoto huimaliza. Nyingi si krimu ya maziwa. Ni mafuta ya mimea yanayouzwa kwenye boksi au kama unga, na ni vyema iwe hivyo, maana krimu ya maziwa haivumilii kabisa. Shida yake huanzia jikoni: isipopigwa ikiwa baridi sana haisimami, ikipigwa kupita kiasi inakuwa na vinyweleo kama sifongo na kupasuka kingoni. Ikiwekwa vipande vya matunda, maji yake huchora mifereji ndani ya saa moja. Kanuni ya usalama ya vyakula vinavyoharibika ni saa mbili nje ya friji, na saa moja tu joto likizidi nyuzi 32. Krimu inafaa kama shughuli ni ndani ya nyumba na keki inatoka kwenye friji moja kwa moja kwenda kukatwa. Uani, hapana.

Fondanti hupendeza kuliko zote kwenye picha, na kwa mtoto wa mwaka mmoja ndiyo tunayoiweka mwisho. Sukari yake huvuta unyevu wa hewa. Ikitolewa kwenye friji hutoka jasho, rangi nyeusi na nyekundu zinachuruzika, na vidole vya wageni vinabaki na madoa. Ikishafunikwa ikae mahali pakavu penye ubaridi, si kwenye friji. Vikaragosi vya simba na twiga vinahitaji siku tatu au zaidi kukauka, hivyo oda ya Jumatano kwa Jumamosi huleta twiga aliyeinama shingo. Uliza pia ndani ya shingo hiyo kuna nini. Mara nyingi ni kijiti cha meno au waya, na kikaragosi ndicho kitu cha kwanza mtoto anachokabidhiwa.

Familia za Kiislamu ziulize mambo mawili. Baadhi ya fondanti hutumia jelatini, inayoweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe, basi omba kuona pakiti yenye alama ya halali. Na black forest, ile keki ya chokoleti, krimu na cheri, kwa asili yake, hutiwa pombe ya cheri. Waokaji wengi hapa hutumia sharubati, lakini sharti atamke mwenyewe.

Sasa pambo la kung'aa, na hapa tunamsihi kila mzazi asome taratibu. Vumbi la dhahabu na fedha linalopakwa kwenye keki lina aina mbili: la kuliwa, na la kutazamwa tu. Neno "halina sumu" kwenye kichupa halimaanishi kwamba linaliwa. Mwaka 2018 katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto sita waliugua baada ya kula keki ya birthday iliyopakwa vumbi la rangi ya dhahabu lililokuwa na shaba. Walitapika na kuharisha. Vumbi la kuliwa huandikwa orodha ya viambato kama chakula chochote. Kichupa kisicho na orodha hiyo kisifunguliwe juu ya keki ya mtoto. Muoka keki makini hakasiriki ukimwomba picha ya lebo.

Mwenye siku mwenyewe je? Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi. Keki kubwa ni ya wageni. Mtoto mtengenezee yake: ndizi mbivu mbili zilizopondwa, mayai mawili, mililita 60 za mafuta, gramu 100 za unga wa ngano na kijiko cha chai cha baking pauda, bila sukari. Oka kwenye nyuzi 180 dakika 20 hadi 25, au kwenye sufuria yenye mchanga, moto mdogo chini na makaa mengi kwenye mfuniko. Usitie asali kama siku yake haijatimia, kwa kuwa haifai kabisa chini ya miezi 12. Karanga nzima, peremende na zile shanga ngumu za sukari zisikaribie sahani yake. Mwache aishike kwa mikono miwili aiparue. Uso ule uliojaa ndizi utautafuta kwenye simu kwa miaka mingi.

Kuhusu usafiri, bodaboda hapana, hata dereva akiapa. Bajaji inawezekana kwa keki fupi ya siagi. Keki ya ngazi mbili inahitaji gari, vijiti vya kubeba uzito ndani ya ngazi ya chini, na boksi likae sakafuni kwa abiria. Kiti kimeinama, na mapaja yana joto. Washa kiyoyozi dakika kumi kabla ya kuipakia. Jina la mtoto liandike kwa maandishi, usilitaje kwa simu tu. Rayan, Rayyan na Ryan husikika sawa, na aisingi ikishakauka haifutiki bila kovu.

Mshumaa wa cheche ni moto mkali unaodondosha majivu juu ya keki, na mtoto wa mwaka mmoja hunyoosha mkono kwa chochote kinachong'aa. Mshumaa mmoja wa kawaida unatosha, feni ikiwa imezimwa.

Wakati wa kulishana, tumia uma au kijiko kipya kwa kila mgeni, na vijiti vya meno vihesabiwe vinapotoka na vinaporudi. Keki ikatwe mapema, mara mtoto anapoamka usingizi wa mchana, hata kama mjomba bado yuko kwenye foleni Mwenge. Ikifika saa kumi na mbili mtoto anafikicha macho, analia kila akipokezanwa, na aisingi nayo imeshaanza kulegea.