TAHADHARI: Fundi simu wa Kariakoo anayewawekea watu F-Droid feki

Ndugu zangu, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira. Nilitaka kuachana na duka la Google la programu za simu, nihamie F-Droid, duka jingine la programu za Android.

Jumamosi nilikwenda kwa yule kijana aliyenibadilishia kioo mwaka jana. Kioo kile kizima hadi leo, ndiyo maana nilimwamini. Na anajua kuongea! Akanieleza kuwa programu za F-Droid ni za chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na kwamba zikiwa na kitu cha kumfuatilia mtu huwekewa onyo. Yote kweli, nilishayasoma. Akasema kwa elfu thelathini ananiwekea "toleo kamili".

Akachomeka memori kadi yake. Onyo likatokea, akalipitisha harakaharaka: "Dada, Google wanatisha watu wasihame." Ukafunguka ukurasa wa Ufikivu (Accessibility), akanigeuzia simu: "Hapo lazima abonyeze mwenye simu." Nikabonyeza Ruhusu, kwa kidole changu hiki. Ya kusoma meseji pia nikaruhusu. Akaniambia nijaribu programu ya benki kama bado inafanya kazi. Nikaweka namba ya siri, ikafunguka, akafuta kioo kwa kitambaa akanikabidhi. Nikamshukuru, jamani. Nikamwongeza elfu mbili ya soda.

Jumatatu nataka kumlipa mwenye nyumba, salio shilingi 1,150. Laki saba na arobaini, kodi ya miezi mitatu, imeondoka saa tisa usiku kwa miamala mitatu. Benki wanasema imefanyika kwenye simu yangu, kwa namba yangu ya siri. Ile ruhusa ya Ufikivu imewekwa kwa ajili ya watu kama wasioona: programu inasoma kilichopo kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Mimi nimelala, mwizi anabonyeza.

Nimekwenda kibandani, kimefungwa. Nina RB ya polisi, na namba zilizopokea hela nimezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Huyu mtu afungwe! Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, itumike kwake. Mama mmoja jirani na kibanda kaniambia mimi ni wa tatu kuja kulia pale wiki hii. Wa tatu! Na wenye vibanda wenzake wanamjua, wamenyamaza.

Mdogo wangu ameshusha F-Droid halisi kutoka f-droid.org nikiwa nimekaa pembeni yake. Bure. Haikuomba namba ya simu, wala meseji, wala Ufikivu. Hata kujisajili hakuna. Basi anayekuuzia, au anayekuwekea kutoka kwenye kadi yake, mkimbie.

Kama alishashika simu yako, zima intaneti sasa hivi, piga benki kwa simu ya mtu mwingine wafunge akaunti, ndipo uingie Mipangilio, Ufikivu, uone kuna nini humo. Na kama una picha yake, nitumie niipeleke kituoni.