Kengele ya gesi ya volti 12 kwenye karavani: uzoefu wangu

Kabla hujatoa hela, soma namba ya kiwango cha ubora cha Ulaya (EN) mgongoni mwa kifaa. EN 50194-1 ni ya nyumbani. Inayofaa karavani (nyumba ya kukokotwa na gari) na boti ni EN 50194-2, na ndiyo niliyofunga.

Ufanisi wake uko kwenye mahali pa kuifunga. Propani ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, butani mara mbili, kwa hiyo gesi ikivuja inatambaa sakafuni. Ukiifunga darini kama kengele ya moshi, gesi itafika magotini na kengele bado kimya. Yangu iko sentimita 15 kutoka chini, ubavuni mwa kabati kati ya jiko na friji. Isikae juu ya yale matundu ya sakafuni ya kutolea gesi wala karibu na mlango, maana upepo wa hapo unaidanganya. Na matundu yenyewe usiyazibe kwa sababu ya baridi, hata kama kengele unayo!

Waya ni mbili, nyekundu na nyeusi. Uliokuja na kifaa ni mfupi mno; niliunga wa milimita moja ya mraba, na fyuzi ya ampea 1 karibu na betri. Usiiunge kwenye laini ya taa, kwani ukizima taa umezima na kengele. Ipe laini yake na swichi yake. Nikipima kwa mita inakula miliampea 90 hivi, yaani zaidi ya ampea-saa 2 kwa siku. Karavani ikiegeshwa mwezi mzima bila chaji, betri ya ampea-saa 100 itakuwa imeliwa zaidi ya nusu, na betri ya risasi haipendi hivyo. Ukiegesha, funga mtungi, kisha zima swichi.

Skrubu ziwe fupi, mbao za karavani ni nyembamba. Gundi ya silikoni sitaki kuiona karibu: mvuke wake unaua kihisi, yaani sehemu inayonusa gesi, na taa ya kijani inaendelea kuwaka kama kawaida. Ukiwasha, subiri dakika chache kipate moto, ndipo uijaribu: iachie gesi kidogo ya kiberiti cha gesi bila kukiwasha. Sekunde moja inatosha; gesi tupu ikizidi inakichosha kihisi.

Dawa ya mbu ya kupuliza na spirti huiamsha bure, na hii haina kitufe cha kuinyamazisha. Hapo wamenikera. Kihisi nacho kina tarehe ya mwisho, imechapishwa kwenye lebo. Ikipita, nunua nyingine.

Monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, haiitambui kabisa. Hiyo inataka kengele yake, EN 50291-2.

Ikilia kweli: zima moto wowote, fungua mlango, toeni watu, funga mtungi, na swichi ya taa usiiguse. Hewa ikishasafika, fungua mtungi, pakaza povu la sabuni kwenye maungio, ukianzia regulata na mpira. Povu likichemka, umepata.