Kioo cha mbele cha Fielder au Probox kimepasuka: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Fielder, Probox, Succeed na Caldina za Toyota zimebeba familia nyingi Dar, Morogoro, Dodoma hadi Mbeya, na nyingi zina miaka kumi na tano au ishirini tangu zitoke kiwandani Japani. Ukiwa nyuma ya lori la kokoto barabara ya Morogoro, jiwe linaruka na kioo cha mbele kinaota nyota. Gari likishinda juani, likapita matuta na mashimo, nyota inageuka ufa, na ufa unatambaa kutoka kwa dereva hadi kwa abiria.

Wengi wakifika hapo huenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri vya magari Dar, na swali moja: kioo cha Fielder bei gani? Swali hilo lina nafasi yake, ila lisiwe la kwanza. Kwenye gari la umri huu, kioo kinadumu au kinavuja kutegemea gundi, mikono ya fundi, na hali ya bati linalokishika. Kioo cha kawaida kilichofungwa vizuri kitakutunzia watoto wako kuliko kioo cha bei ya juu kilichobandikwa kwa silikoni. Kwa hiyo hapa chini nimepanga machaguo kwa kuangalia kazi nzima, kioo pamoja na kufunga, kwa mtu ambaye gari lake bado analitegemea lakini hela anazihesabu.

Kabla ya kutoa hela yoyote

Kama una bima kubwa, piga simu bima kwanza. Sera nyingi za bima kubwa zina kipengele cha vioo chenye kikomo chake cha malipo, na kampuni itataka picha na kibali kabla kazi haijaanza. Ukibadilisha kioo kwanza halafu ukapeleka risiti, unaweza kusumbuliwa bure. Bima ya mtu wa tatu hailipi kioo chako.

La pili, angalia kama kweli kioo kinahitaji kubadilishwa. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kinapasuka bila kumwagika. Jiwe likiharibu tabaka la nje tu, na alama haizidi upana wa sentimita 2.5 hivi, haiko mbele ya macho ya dereva na haijafika ukingoni, inazibika. Fundi anafunga kifaa kidogo juu ya nyota, anavuta hewa iliyonasa ndani, anasukuma utomvu mwembamba wa plastiki mpaka ujae kila mguu wa nyota, kisha anaukausha kwa mwanga wa urujuanimno. Alama haifutiki kabisa, lakini ufa hauendelei. Gharama ni ndogo sana ukilinganisha na kioo kizima, na gundi ya kiwandani inabaki bila kuguswa, jambo ambalo mimi nalithamini kuliko hata hela iliyookolewa.

Hii inafaa siku za mwanzo tu. Vumbi na maji vikishaingia kwenye nyota, utomvu haushiki vizuri. Bandika selotepu juu yake siku hiyo hiyo, na usipulizie AC kali kwenye kioo kilichochomwa na jua la mchana. Ufa mrefu usikubali uzibwe, hata fundi akikuhakikishia vipi.

Nafasi ya kwanza: kioo kipya cha Kichina chenye alama za ubora

Najua neno "Kichina" linawatisha watu. Lakini viwanda kama Fuyao na Xinyi ni vikubwa, na Fuyao inauzia hata watengenezaji wa magari moja kwa moja. Kwa Fielder au Probox ya zamani, kioo kipya cha kiwanda kinachojulikana ndicho ninachokiweka juu ya vyote: hakina mkwaruzo, ukingo wake haujaguswa, bei inabebeka, na hela inayobaki unaihamishia kwenye gundi nzuri na fundi mzuri.

Sharti ni alama. Kila kioo halali kina maandishi madogo yaliyochomwa kwenye kona ya chini. Tafuta herufi E ndani ya duara ikiwa na namba pembeni yake. Namba hiyo ni ya nchi iliyotoa kibali, kwa mfano 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 6 Ubelgiji. Karibu yake utaona 43R, yaani kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Vioo vya China huwa pia na CCC ndani ya umbo la yai. Ukikuta DOT pamoja na AS1, hiyo ni alama ya Marekani, na AS1 ndiyo daraja la kioo cha mbele. Pitisha kucha juu ya maandishi: yaliyochomwa hayatoki. Kama ni stika ya karatasi tu, kirudishe.

Kisha mwombe muuzaji akisimamishe kioo wima, nawe uangalie kupitia humo kitu kilichonyooka, fremu ya mlango au nguzo ya umeme. Sogeza kichwa taratibu kushoto na kulia, juu na chini. Mstari ukipinda kama unauona chini ya maji, na hasa upande wa kulia anapokaa dereva, kiache. Kioo cha namna hiyo kinachosha macho, na usiku taa za gari linalokuja zitakutawanyikia. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukimwomba, "Kaka, kishike vizuri nikiangalie." Akikasirika, maduka ni mengi.

Nenda na kadi ya gari. "Fielder" pekee haitoshi: NZE121, NZE141 na NZE161 ni vizazi vitatu tofauti na vioo vyao haviingiliani. Linganisha pia mahali pa kubandika kioo cha kuangalia nyuma na ukanda wa kivuli juu. Baadhi ya magari yaliyouzwa kwa ajili ya mikoa ya baridi ya Japani yana nyaya nyembamba chini ya kioo za kuyeyusha barafu kwenye waipa. Dar huna kazi nazo, kioo cha kawaida kinatosha. Aliye Makete au Njombe, anakojua baridi ya Julai, ataamua mwenyewe.

Nafasi ya pili: kioo halisi cha Toyota, kipya

Hiki ni kioo kizuri kabisa. Kwenye Toyota za Japani mara nyingi utakuta jina la Asahi, kampuni ambayo siku hizi ni AGC, na neno LAMISAFE kwenye kioo cha mbele. Kinakaa bila kulazimishwa, na macho hayalalamiki. Kinachokishusha hadi nafasi ya pili ni bei, pamoja na kusubiri, kwa sababu magari haya tuliyonunua kwa mtumba kutoka Japani hayakuuzwa hapa yakiwa mapya, na mara nyingi kioo inabidi kiagizwe.

Mpangilio unageuka kwa gari moja: Fielder ya kuanzia 2015 yenye mfumo wa Toyota Safety Sense, ile yenye kisanduku cha kamera nyuma ya kioo, juu katikati. Kamera hiyo inasoma mistari ya barabara kupitia kioo, na kioo kikibadilishwa lazima irekebishwe upya. Kwa gari hilo lipa kioo halisi, na uulize mapema nani atakurekebishia kamera. Fundi akikwambia haihitajiki, hajui kazi hiyo.

Nafasi ya tatu: kioo cha mtumba

Kinatoka kwenye magari yaliyoletwa yakiwa yamekatwa nusu, au yaliyogongwa nyuma. Kioo chenyewe ni halisi na bei inavutia. Mashaka yangu yako ukingoni. Kukitoa kioo kilichogandishwa kwa gundi, mtu amepitisha waya au kisu kuzunguka pande zote, na mkono ukiteleza mara moja unaacha kijino kidogo kwenye ukingo. Kijino hicho hukioni dukani kwa sababu kimefunikwa na mabaki ya gundi nyeusi. Gari likipita shimo, au jua la mchana likifuatiwa na mvua ya ghafla, ufa unaanzia hapo hapo.

Kama gari lako ni la nadra, Caldina ya toleo lisilo na kioo kipya sokoni kwa mfano, mtumba utakuwa ndilo chaguo lako. Basi pitisha kidole taratibu ukingoni kote, ukiwa umevaa glavu, na uangalie kioo kwa kukiinamisha kuelekea jua. Mikwaruzo ya waipa yenye umbo la upinde huonekana hapo. Kama utando wa katikati umeanza kuwa mweupe pembeni, unyevu umeingia, na hautatoka.

Usinunue

Kioo kisicho na alama yoyote. Na kioo cha temper, yaani kioo kimoja kilichokazwa kwa joto, kilichotengenezwa kienyeji kije kukaa mbele. Temper ni ya milangoni na nyuma. Kikipigwa kinavunjika punje punje chote kwa mara moja. Kikiwa mbele, kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dereva anabaki na punje mapajani na upepo usoni.

Gundi na fundi: hapa ndipo hela yako iende

Kwenye gari lenye eabegi (mfuko wa hewa) ya abiria, mfuko ukilipuka huruka juu, hugonga kioo cha mbele, kisha hugeukia kifuani kwa mtu. Kioo kikiwa kimeshikwa kihafifu, mfuko unakisukuma nje na abiria habaki na kitu cha kumpokea. Gari likipinduka, kioo kilichoshikana vizuri na bodi kinasaidia paa lisibonyee. Kazi hizo zote zinategemea uzi wa gundi uliofichwa chini ya mpira, usioweza kuuona kioo kikishafungwa. Ndiyo maana nakusihi uwepo wakati wa kufunga, hata kama ni kupoteza nusu siku.

Gundi inayotakiwa ni urethani ya vioo vya magari. Iko kwenye mirija ya bati au ya foili, ina tarehe ya kuisha muda, na mrija uliofunguliwa jana haufai leo kwa sababu gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa. Muulize fundi akuoneshe tarehe. Silikoni ya bafuni na ya madirisha ya alumini haina nguvu hiyo, na nyingi utazijua kwa pua: zikitoka kwenye mrija zinanuka siki. Ubaya mwingine, mabaki ya silikoni yakibaki kwenye bati, hata urethani nzuri utakayoweka baadaye haitashika.

Sasa mtazame akifanya kazi. Fundi mzuri anaikata gundi ya zamani na kuacha tabaka jembamba la milimita 1 hadi 2 juu ya bati, kwa kuwa urethani mpya inashika vizuri zaidi kwenye urethani ya zamani iliyo safi. Anayekwangua mpaka bati ling'ae anaondoa rangi, na kutu itaanza chini ya kioo mahali usipoweza kuifikia. Penye mkwaruzo anapaka praima, dawa ya kwanza inayosaidia gundi kushika, na kuisubiri ikauke. Ukanda mweusi wa pembeni mwa kioo anaufuta kwa dawa, naye anaupaka praima, na baada ya hapo haushiki tena kwa mikono. Uzi wa gundi unapanda mrefu wenye umbo la pembetatu, bila kukatika, kuzunguka pande zote. Kisha watu wawili wanakibeba kioo na kukishusha mara moja. Anayekiweka, akakiinua, akakisogeza tena, ameshauharibu uzi.

Kwenye gari la zamani liko jambo moja la kukubaliana kabla. Mwambie: "Fundi, kioo cha zamani kikitoka, niite nione bati kabla hujapaka chochote." Kapeti ya abiria inayolowa wakati wa mvua, au rangi iliyovimba kando ya mpira, ni dalili kwamba kutu ipo tayari. Ikionekana, ikwanguliwe yote, ipakwe dawa, praima na rangi, ikauke ndipo kioo kifungwe, hata kama gari litalala gereji chini ya turubai. Gundi iliyowekwa juu ya kutu inashikilia kutu, na kutu inabanduka. Fundi atakayesema "bosi, hii haina shida, gundi itafunika" mlipe kazi ya kutoa kioo na utafute mwingine.

Mpira wa pembeni nunua mpya. Wa zamani umeshakakamaa na utaacha mwanya unaopiga mluzi ukiwa safarini.

Baada ya kufunga

Muda wa kusubiri kabla ya kuendesha umeandikwa kwenye gundi yenyewe. Nyingine ni saa moja, nyingine ni kulaza gari. Fuata maandishi. Siku mbili za kwanza acha dirisha moja wazi kidogo, kwa sababu mlango ukibamizwa vioo vyote vikiwa vimefungwa, hewa inasukuma kioo kutoka ndani. Usipeleke gari kwenye mashine ya kuoshea yenye presha, na barabara ya vumbi yenye makorongo isubiri. Utepe ambao fundi amebandika juu usiubandue siku ile ile kwa sababu unaonekana vibaya.

Gundi ikishakauka, fanya jaribio la maji. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji ya bomba kwa upole akianzia chini ya kioo na kupanda kidogo kidogo, ili mkiona tone mjue limeingilia usawa gani. Shikeni pia kapeti chini ya dashibodi, pande zote mbili. Likionekana tone, rudi kwa fundi wiki hiyo hiyo na risiti yako, na usikubali kupakwa silikoni kwa nje: kioo kitolewe na uzi uwekwe upya, na jambo hilo liandikwe kwenye risiti tangu siku ya malipo.