Kozi ya ufundi wa mashini za boti, Lamu: uzoefu wangu

Naanza na bei, maana ndiyo watu hunidakia nayo wakinikuta pale forodhani na mikono ya grisi. Nililipa shilingi 15,000 kwa kozi ya miezi mitatu, nusu nikiingia, nusu kabla ya mtihani. Kwa ufundi niliopata, pesa hiyo ni halali yao. Kwa habari ya makaratasi, nina maneno.

Nilipomaliza sekondari nilikaa nyumbani kama wenzangu wengi. Tangu jiwe la msingi la bandari liwekwe mwaka 2012, vijana wa huku tumekuwa tukiambiwa tujiandae, ajira zaja. Gati la kwanza lilipoanza kazi mwaka 2021, watu wakakimbilia kozi za kuendesha mitambo ya kunyanyulia mizigo. Kuna waliopata, na kuna ambao hadi leo cheti kiko kabatini. Mimi niliangalia tu hapa mjini. Kwenda Mokowe ni boti, uwanja wa ndege Manda ni boti, Faza na Kizingitini ni boti. Na mashini inayofanya kazi kwenye maji ya chumvi haikosi maradhi.

Darasani tulikaa kidogo sana, na hilo nalisifu. Mwalimu wetu, mzee ambaye sote tulimwita Ami, aliweka mashini ya nguvu za farasi 15 juu ya stendi, mguu wake ndani ya pipa la maji, akaiwasha na kutukataza kushika spana. "Isikizeni kwanza." Ilikuwa ikinguruma vizuri tu, lakini ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni ulikuwa mwembamba, wa kudondoka. Akatuuliza kwa nini. Kila mtu akataja plagi, kabureta, petroli chafu. Alipoizima tukafungua mguu hadi kwenye pampu ya maji, na pale tukakuta kile kipira cha mabawa kimeliwa, mabawa mawili hayapo, na mchanga umejaa pembeni. Boti ikipita kwenye maji mafupi hufyonza mchanga, kipira kikaisha, maji ya kupoza hayapandi, na nahodha asiyetazama nyuma ataunguza mashini nzima kwa ajili ya kitu kinachokaa kiganjani. Tangu siku hiyo siwezi kupanda boti bila kuchungulia mchirizi. Abiria hunishangaa.

Tulifundishwa pia kusafisha kabureta, kubadili oili ya gia (ikitoka nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia), kupima mchanganyiko wa oili na petroli badala ya kukisia kwa jicho, na kuisuuza mashini kwa maji baridi ya bomba kila ikirudi baharini. Umeme wa mashini tuliupitia juu juu. Anayetaka kuzijua hizi mpya zenye kompyuta, hapa hatashiba.

Sasa malalamiko. Tangazo lilisema mtihani wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, umo ndani ya ada. Ulipokaribia tukaambiwa tuongeze pesa ya usajili, na aliyekosa akaachwa. Cheti chenyewe kikachelewa mpaka nikachoka kuulizia. Na si karatasi ya kupuuza: mtihani huo una gredi tatu, unaanza ya 3 kupanda hadi ya 1, na ndio unaomfaa fundi aliyejifunzia mkononi bila kupita chuo kikubwa. Basi taka risiti iandikwe waziwazi kwamba ada ya mtihani imo.

Jambo la pili, ile ahadi ya "tutakuunganisha na kazi" msiitegemee. Hakuna aliyeniunganisha. Kilichonipa kazi ni atachmenti, yaani mazoezi ya kazini, na hiyo niliitafuta mwenyewe kwa fundi mmoja wa ufuoni. Nilimfagilia, nikamwoshea vifaa, akanitazama. Kusi lilipovuma na boti nyingi zikavutwa pwani kutengenezwa, kazi zikamzidi, akaanza kunipa mashini nizifungue peke yangu. Leo ananilipa kwa kila mashini, na wateja wengine hunipigia moja kwa moja. Miezi mingine ni mizuri, mingine ni ya kubana, lakini simwombi mama pesa ya vocha.

Kozi hii haikupi ruhusa ya kuendesha boti ya abiria. Leseni ya koksweni, yaani nahodha wa boti ndogo, hutolewa na Mamlaka ya Bahari, KMA, na ina taratibu zake. Kuna mwenzetu aliyejiandikisha akidhani atatoka nahodha, akaacha katikati.

Ukienda kuulizia, kwanza hakikisha kituo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, halafu omba uoneshwe karakana na uhesabu mashini ambazo wanafunzi wanaruhusiwa kufungua. Sisi tulikuwa nazo mbili, na wiki nyingine tulizigombania. Wakikwambia karakana imefungwa leo, rudi siku nyingine kabla hujatoa pesa.