Mfano Mmoja au Miwili Iliyolinganishwa?
Mwalimu wa sekondari jijini Dodoma anayetaka wanafunzi watatue tatizo geni anaweza kuwapa mfano mmoja, au kuwapa miwili na kuwataka wailinganishe. Njia ya kwanza huokoa muda. Hata hivyo, wanasaikolojia Mary Gick na Keith Holyoak walionyesha mwaka 1980 kwamba wengi waliosoma kisa cha jemadari aliyegawa jeshi lake lipite njia nyingi ili aiteke ngome, hawakukihusisha na tatizo walilopewa la kutibu uvimbe, ambalo jibu lake ni miale hafifu inayoelekezwa kutoka pande mbalimbali, mpaka walipodokezwa. Mwaka 1983 walibaini kuwa kulinganisha visa viwili vya aina hiyo huibua kanuni ya pamoja, ambayo maelezo ya kisa kimoja, kama majeshi na ngome, huificha. Hata mtihani ukikaribia, ningechagua miwili.