Uzoefu wangu: sevisi ya giaboksi oto kwenye Noah ya zamani

Wakuu habari zenu, hii ni kwa wenye Noah zile za zamani, SR40 injini ya 3S-FE, giaboksi oto. Mimi naitumia kubebea mzigo wa duka na mara moja moja naipandisha Iringa kwa wazazi. Kama unajiuliza sevisi ya giaboksi oto inasaidia kweli au ni kupoteza pesa, naanza na jibu kabisa: kufungua sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), kubadili filta na kuweka oili inayotakiwa kumeisaidia gari yangu sana, pesa yangu haijapotea, ila usitegemee sevisi ifufue giaboksi ambayo klachi zake (sahani za ndani zinazoshikana ili gia ishike) zimeshaisha.

Dalili zilikuwa hivi. Asubuhi gari ikiwa ya baridi unaweka D inakaa kwanza kidogo ndo inashtuka na kuondoka. Ukiwa barabarani ikitaka kutoka gia ya 2 kwenda ya 3 RPM (mzunguko wa injini) inapanda juu gari haiongezi mwendo, halafu inashika kwa kishindo. Mlima Kitonga wa njia ya Iringa ndo ilikuwa shida zaidi, maana pale unapanda nyuma ya malori mwendo wa konokono, giaboksi inachemka, na ukizingatia Noah injini iko chini ya siti za mbele joto unalisikia mpaka kwenye miguu.

Gereji ya kwanza niliyoenda fundi aliniambia oili ya giaboksi oto haibadilishwi maisha yote ya gari, niiache hivyo hivyo. Hilo nalipinga kabisa. Oili ile inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja, inalainisha, inapoza, na yenyewe ndo inayosukuma klachi zishike. Ikichoka kwa joto vyote vitatu vinachoka pamoja. Gari imetoka Japani ikiwa na umri wake, huku imekutana na joto la Dar na foleni za barabara ya Mandela, hiyo oili itadumu vipi?

Gereji ya pili walitaka kuflashi kwa mashine, yani inasukuma oili yote ya zamani itoke mpya iingie kwa mpigo. Nikakataa. Kwa gari ambayo hujui ilihudumiwa vipi huko nyuma naona ni hatari, maana uchafu uliotulia unaweza kuhama na kwenda kuziba njia ndogo za vavu bodi (sehemu inayoelekeza oili kwenye klachi), na bila kufungua sampu filta inabaki ile ile chafu.

Fundi niliyemkubali alifanya taratibu. Kwanza alichomoa stiki ya kupimia oili akaipaka kwenye karatasi nyeupe, oili ilikuwa ya kahawia na inanuka kuungua. Ingekuwa na rangi ya pinki kama maziwa ya strobeli ina maana maji ya rejeta yameingia, kwa sababu oili ya giaboksi inapozwa ndani ya rejeta, na hiyo ni kesi nyingine kubwa kabisa. Akamwaga, akafungua bolti za sampu kwa spana namba 10, akaishusha. Ndani kuna sumaku, na hapo ndo pa kuangalia kwa makini kuliko pengine popote. Sumaku zangu zilikuwa na tope laini jeusi, huo ni ulaji wa kawaida. Ungekuta vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, au sampu imejaa unga mweusi wa klachi, basi usiharibu hela kwenye oili, anza kutafuta giaboksi. Akaosha sampu, akaweka filta mpya na gasketi mpya, na bolti alikaza kwa kuzunguka pembe kwa pembe bila kutumia nguvu, maana ni ndogo na ukikaza sana sampu inapinda halafu inavuja.

Kuhusu oili. Aina imeandikwa kwenye stiki yenyewe, soma hapo, usimsikilize muuza duka. Toyota za miaka hiyo nyingine zinataka Dexron II au III, nyingine T-IV, na sio kitu kimoja. Na mjue General Motors, wenye jina la Dexron, waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa 2006, kwa hiyo leo dumu lililoandikwa Dexron III linategemea uaminifu wa aliyelitengeneza tu. Kwenye maduka ya Gerezani, Dar, oili ni nyingi na feki zipo, mimi nililipia zaidi kidogo nikachukua kwenye duka ninalolijua. Ufundi haukuwa ghali, oili ndo ilikula hela.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi, ukimwaga kwenye sampu hautoi oili yote, nyingi inabaki kwenye toki konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi). Kwa hiyo nilitembelea muda kidogo nikarudi kumwaga tena na kujaza, na nitarudia, kila mara mpya inazidi kuwa nyingi kuliko ya zamani. Kupima pia kuna utaratibu, gari iwe ya moto, injini inaunguruma, umesimama kwenye tambarare, unapitisha lever gia zote unarudisha P, ndo unasoma kwenye alama ya HOT. Ukipima injini imezimwa unapata jibu la uongo, na ukijaza kupita kiasi inatoa povu na giaboksi inateleza vile vile.

Matokeo, ile ya 2 kwenda 3 imetulia kabisa, RPM hairuki. Kuchelewa kwa asubuhi kumepungua ila hakujaisha, fundi anasema mpira za ndani zimekakamaa kwa umri na oili haiwezi kurudisha mpira uliokauka, na mimi naona yuko sawa. Kitonga sasa nikipanda nazima O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) ili isihangaike kupanda na kushuka gia, nikishuka naweka 2 breki zipumzike.

Kama taa ya O/D OFF inawaka na kuzima yenyewe hiyo ni kodi ya hitilafu (namba ya kosa ambalo kompyuta ya gari imelinasa), kwenye Toyota nyingi za wakati ule fundi umeme anaunganisha TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi anahesabu mimweko ya taa, 62 na 63 ni solenoidi (vavu za umeme) za gia, 64 ya lock-up inayofunga toki konvata, 42 sensa ya spidi. Solenoidi inabadilishwa, sio lazima mtu akuuzie giaboksi nzima.

Na gari ikizima njiani msikubali ivutwe kwa kamba umbali mrefu ikiwa N. Noah hii inasukuma kwa nyuma, na pampu ya oili inazungushwa na injini, injini ikiwa imezima giaboksi inazunguka kavu. Nyanyua magurudumu ya nyuma au fungua propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) kwanza.