Mhakiki mmoja au asilimia za wengi?

Nikitafuta filamu ya Jumamosi usiku, nina njia mbili: kutazama asilimia za Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu, au kumsoma mhakiki mmoja ninayemfahamu.

Asilimia ni ya haraka, hilo sibishi. Ila wengi huisoma kama alama za mtihani, na sivyo ilivyo. Inaonyesha ni wahakiki wangapi wameipenda filamu, si wameipenda kiasi gani. Wahakiki 100 wakisema "si mbaya", filamu inapata 100%. Ile iliyowagawa, nusu wakiisifu mno na nusu wakiichukia, inabaki na 50%, chini ya kiwango cha 60% cha kupewa nyanya nyekundu, alama ya tovuti hiyo kwa filamu iliyopendwa. Mara nyingi hiyo ya pili ndiyo ninayoitaka mimi! Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, angalau hutafuta wastani wa alama zenyewe.

Mhakiki mmoja anataka subira; umsome miezi kadhaa ujue anapenda nini. Ukishamjua, hata lawama zake zinakufaa. Akilalamika kwamba filamu inakwenda polepole, nami napenda za polepole, nimeshapata yangu. Roger Ebert, aliyehakiki filamu katika gazeti la Marekani la Chicago Sun-Times tangu 1967 hadi alipofariki 2013, aliipima filamu ya mapigano kwa kuilinganisha na nyingine za mapigano. Huo ndio uungwana ninaoutaka.

Asilimia naiachia siku za wageni sebuleni, muda hakuna. Na filamu nyingi za Bongo hazimo humo kabisa. Kwa hizo namuuliza mwenye kibanda cha muvi mtaani.